Aliyenijibu Jikoni

Ukizamisha kichwa tu pale, unasikia mtu anakaanga. Si mlio wa wimbi wala wa kokoto. Ni mafuta ya moto kwenye kikaango, yanachachatika bila kupoa. Wapo wanaosema ni vikamba vidogo vinavyokaa kwenye matundu ya mwamba na kufyatua makucha yao, na mimi nakubali, maana sina ugomvi na vikamba. Lakini waliopaita mahali pale Jikoni hawakuwa na habari za vikamba. Walisikia kukaangwa, wakatazama huku na huku, wakamkosa mpishi, wakapaita hivyo na kuendelea na kazi yao.

Ni kusini ya Kilwa Masoko. Unaacha nyumba za mwisho, unapita minazi na vichaka, unashuka kwenye ufuko mdogo usiozidi uwanja wa shule. Maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, unatembea juu ya mwamba umevaa viatu vya yeboyebo, unaruka mashimo, unakwepa vile vidude vyeusi vya miiba mirefu, mpaka unafika ukingoni. Hapo mwamba unakatika na chini yake kuna matumbawe ambayo kila mgeni huyasifia, ya njano, ya zambarau, mengine yamejikunja kama kabichi. Samaki waitwao pono wanatafuna mwamba na unasikia meno yao. Samaki taa wa madoa ya buluu amejifukia mchangani, kaacha macho tu nje, na macho hayo yanakufuata. Upande wa kushoto, pale matumbawe yanapoishia, kuna pango.

Mdomo wake una kimo cha mlango na umetazama baharini. Kwa ndani linaingia chini ya nchi kavu, chini ya vichaka vilevile ulivyopita ukija. Samaki wa mle ni wekundu, wenye macho makubwa, na wanaokaa karibu na dari huogelea matumbo juu. Nilipowaona mara ya kwanza nilidhani mimi ndiye niliyepinduka. Nilishika mwamba mpaka akili ikanirudia.

Sisi si watu wa bahari. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Kikole, kwa wakulima wa mahindi na ufuta, na mama yetu mpaka leo hajawahi kuingiza hata mguu kwenye maji ya chumvi. Kazi yetu ya utoto ilikuwa kulinda shamba. Nyani wa kule hawana adabu, wanakuja mchana kweupe, familia nzima, na mtoto mgongoni. Basi kila shamba lina kibanda chake na kila kibanda kina debe. Unapiga debe kufukuza nyani, na unapiga debe vilevile kumuuliza jirani kama yupo, maana mashamba yametengana kwa mabonde na huwezi kumwona mtu kwa mahindi yalivyorefuka. Anayesikia lazima ajibu. Asipojibu, unaacha shamba lako na kumwendea. Kwa njia hiyo aliwahi kupatikana mzee mmoja aliyeumwa na nyoka, akaokolewa, na kwa njia hiyo mama alikuwa akijua kila saa kwamba wanawe wako hai. Alikuwa akitupigia kutoka bondeni, nasi tunampigia kutoka juu, na ole wako ukichelewa kwa sababu ya kusinzia.

Kaka aliteremka Masoko akiwa kijana, akajifunza kuzamia pweza kwa miwani na mrija. Mimi nilimfuata baadaye, nikapata kazi ya kupika kwenye nyumba ya wageni. Ni yeye aliyenifundisha kuogelea. Wanawake wa Masoko walinicheka sana. Wao huokota pweza wakitembea kwa miguu, juu ya mwamba uliokauka, kwa heshima zao, na huyu mtu wa mlimani anajitupa ukingoni na suruali ya traki, kanga imekazwa kiunoni, kilemba kichwani. Waliniita samaki wa korosho, yaani aliyetoka bara mashambani. Sikujali. Nilikuwa nikitoka na pweza wakubwa kuliko wao, na hilo walilijua.

Tulipoanza kuzamia pamoja, kaka alileta debe baharini. Sina maana ya debe lenyewe. Alikuwa na nondo yake, kipande cha chuma cha kujengea alichokinoa ncha kwa ajili ya kuchokolea pweza mashimoni, na mimi nilikuwa na jiwe. Aliniambia sauti majini inakwenda mbali, na ni kweli, inakwenda mbali mno, ila haina upande. Ukigongewa chini ya maji huwezi kujua kama aliyegonga yuko mbele au nyuma. Inakuwa kama imegongwa ndani ya kichwa chako. Kwa hiyo tulipatana. Mara moja ni kuuliza, upo? Anayesikia anajibu mara moja. Mara mbili ni kusema maji yanaanza kujaa, tutoke. Anayesikia anajibu mara mbili, na baada ya hapo kila mtu anashika njia yake mpaka mchangani, hakuna kumsubiri mwenzako majini, kwa sababu maji ya pale yakianza kujaa hayachezi.

Wazamiaji wengine walituona wapuuzi. Wao hawagongi. Wanainua kichwa, wanamtafuta mwenzao kwa macho, basi. Lakini sisi tulilelewa tukijibiwa, na hatukuweza kukaa mahali bila kujibiwa.

Siku aliyopotea haikuwa na dalili yoyote. Maji yalikuwa meupe, bahari imetulia, ndoo yetu ilikuwa na pweza mchangani tayari. Kaka alikuwa upande wa pango, mimi upande wa matumbawe. Niliuliza mara moja, akajibu mara moja. Nikamfukuzia pweza mmoja mkaidi aliyekuwa akibadilika rangi mbele yangu, mara mwamba, mara majani, na jicho lake lilikuwa halibadiliki. Nilipoachana naye nikahisi maji yananisukuma kwa nyuma, ule msukumo wa kwanza wa kujaa. Nikagonga mara mbili.

Nikajibiwa. Tok, tok.

Nikatoka. Nilitembea juu ya mwamba maji yakiwa kwenye vifundo, nikakamua kanga yangu, nikakaa karibu na ndoo. Mwamba ukafunikwa. Ukingo ukapotea. Nilikaa nikitazama yale maji mpaka hapakuwa na mahali pa kutazama, kisha nikaanza kukimbia kuelekea kwenye nyumba za watu.

Walimtafuta kwa moyo, siwezi kuwalaumu. Waliingia kwa zamu kila maji yalipopwa na kutulia, wakapekua ukingo wote, wakachungulia na pangoni kwa tochi. Kwenye ukumbi wa kwanza hakukuwa na kitu. Ndani zaidi hawakwenda, kuna mkunga mle, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye shingo nene kama paja, anakaa na kinywa wazi, anafunga, anafungua, kama mtu anayetaka kukuambia jambo na kusita. Waliona viatu vya kaka na shati lake pale alipoviacha. Mwili hawakuuona, wala miwani, wala nondo.

Mama alikuja kutoka Kikole. Hakulia. Alinikalisha mbele yake, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ulimgongea?"

"Nilimgongea, mama."

"Alikujibu?"

"Alinijibu."

"Basi mwanangu hajafa. Aliyejibu ametoka. Katokea upande mwingine, tutamsikia."

Alikuwa akisema kanuni aliyonifundisha mwenyewe tangu sijaota meno ya utu uzima. Na nilikuwa nimejibiwa. Masikio yangu ni mazuri.

Hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa langu peke yangu. Kaka alikuwa na mke, wifi yangu, msichana wa Mtama, mcheshi, mwenye mkono mzuri wa kupika. Walikuwa hawajazaa. Shehe alipoulizwa habari ya eda na hitima, akasikia kwamba dada mtu alijibiwa, alishika ndevu zake. Alisema pana shahidi wa uhai, na shahidi mwenyewe ni ndugu wa damu, basi tusubiri. Mama akaondoka na neno hilo kama mtu aliyepewa zawadi. Wifi akabaki nalo.

Na maneno ya watu hayakukawia. Mtu aliyejibu kwamba anatoka, kisha hakutoka, maana yake alitokea kwingine kwa makusudi. Kila aliyeshuka gari Mingoyo alimwona. Mara anakula mahindi ya kuchoma njia panda, mara amenunua pikipiki, mara ana mwanamke wa Mtwara na tumbo la mwanamke huyo liko hivi. Walikuja kumwambia wifi mwenyewe, kwa sauti ya huruma, wakimwangalia usoni waone habari imeingia wapi. Wifi alikuwa akijibu, "Msalimieni mkimwona tena," na anaendelea kuchekecha unga wake. Alikonda. Mwanamme mmoja muungwana, mfanyabiashara wa ufuta, alimposa kwa njia zote za heshima, na mama akatuma jibu kutoka Kikole kwamba mke wa mtu haposwi.

Niliona aibu kumtazama wifi. Sikuwa nimefanya kosa, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu kosa ungeliomba radhi likaisha. Neno langu la kweli ndilo lililokuwa limemfungia mlango.

Kule Jikoni sikurudi kuzamia. Nyumba ya wageni ilipogundua kwamba najua kuogelea, walinitoa kwenye masufuria, wakanipa kazi ya kuwapeleka wageni kutazama matumbawe. Nilikuwa nawapeleka kwingine, ufuko wa kaskazini, ambako mwamba ni mdogo lakini hauna siri. Niliwaonyesha kasa anayekula nyasi, nyota wa baharini wekundu, majongoo bahari yaliyolala kama soksi zilizotupwa, wakafurahi, wakapiga picha.

Mwaka huu mvua zilichelewa kwisha. Upande wa kaskazini ulijaa tope kutoka mtoni, hata mkono wako huuoni. Walikuwapo wageni wawili, mume na mke, walimu kutoka Dar, na miwani yao mipya bado ina harufu ya duka. Walikuwa wanaondoka kesho yake. Nilitafuta visingizio, vikaniishia, nikawapeleka Jikoni. Niliwaambia tutakaa upande wa kulia, mtu asinivuke kwenda kushoto.

Waliogelea vizuri. Walisikia kukaangwa, wakainua vichwa wakicheka, wakarudi chini. Mimi nilibaki juu, miwani usoni lakini masikio nje ya maji. Sikutaka kusikia chochote. Muda wa maji kugeuka ulipofika, yule mwalimu wa kike akaibuka karibu yangu, akatoa mrija mdomoni.

"Dada, kuna fundi huko chini?"

"Fundi gani?"

"Kuna mtu anagonga. Anagonga mara mbili, ananyamaza, anagonga tena."

Nilizamisha masikio. Palikuwa na mafuta ya kukaangia, palikuwa na meno ya pono, na ndani ya hayo yote, bila upande, karibu kama ulimi wangu mwenyewe: tok, tok. Kimya. Tok, tok.

Niliwatoa wageni majini kwa haraka iliyowaudhi. Nikawafikisha, nikawaaga, nikaenda moja kwa moja kwa mzamiaji mmoja wa siku nyingi, jirani yetu, nikamuuliza kama amewahi kusikia kitu Jikoni. Alijikuna. Akasema wote wanasikia. Wamekuwa wakisikia tangu mwaka ule. Wana mapatano kwamba ukigongewa Jikoni usijibu, unatoka kimyakimya na siku hiyo huzami tena.

"Na hamkutuambia?"

"Tungewaambiaje, dada? Mama yenu anasema yuko hai. Tuje kuwaambia tunamsikia?"

Nilimkasirikia sana yule bwana, na wenzake wote. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imegeuka baridi. Nilimweleza wifi kila kitu, alikuwa akimenya mihogo, hakuacha kumenya. Alipomaliza muhogo wa mwisho akaosha mikono.

"Kesho maji yanapwa saa ngapi?" aliuliza.

Wifi hajui kuogelea. Tulikwenda na kamba ndefu ya katani, nikaifunga kiunoni, yeye akashika mwisho wake mwingine, akasimama ukingoni juu ya pango na gauni lake limelowa hadi magotini. Tulipatana kwamba akihisi maji yanamfika juu ya magoti atavuta mara mbili, nami nitajibu kwa kuvuta mara mbili na kutoka. Alisema, "Usiponijibu nakuja." Nilimwambia hajui kuogelea. Akasema hilo analijua.

Nilingoja maji yageuke. Nilitaka mlio uanze nikiwa mlemle, maana kabla ya hapo pango lilikuwa kimya na waliotafuta zamani walilikuta kimya. Nilivuta pumzi, nikashuka, nikaingia kwenye ule mlango. Mwanga ulinifuata kidogo ukaniacha. Samaki wekundu walisogea kando wote kwa pamoja, nusu yao wamepinduka, hawakukimbia, walinipa njia. Mkunga alikuwepo, anafunga, anafungua. Nilipita karibu yake nikiomba dua kimoyomoyo. Nilirudi juu kuvuta pumzi, nikashuka tena, nikarudi, nikashuka tena.

Kisha maji yakanisukuma mgongoni, ule msukumo wa kwanza. Nikasikia tok. Maji yakarudi yakanivuta nyuma. Tok. Kimya. Yakaja tena. Tok. Yakarudi. Tok.

Niliwasha tochi nikaielekeza ndani kabisa, palipokuwa pembamba. Nondo ilikuwa imechomekwa kwa ncha kwenye ufa wa ukuta, imekaza, na mwisho wake wa pili ulikuwa huru. Wimbi lilipoingia liliisukuma ikagonga mwamba upande huu. Lilipotoka liliivuta ikagonga upande ule. Ilikuwa imeota kutu na vigamba, nene kama gunzi, na mahali ilipokuwa ikigonga, mwamba ulikuwa umechimbika vijishimo viwili vyeupe.

Niliitazama ikifanya hivyo. Sijui nilikaa muda gani, lakini kifua kilikuwa kinaniuma. Nilielewa pale pale, chini, kabla sijapanda, na sitaki mtu aniambie kwamba majini hakuna kulia. Siku ile kaka aliichomeka kwenye ufa kumchokoa pweza, au kujishikiza, au kwa sababu ambayo hatanieleza tena. Akafa; akiwa hai asingeiacha. Maji yakageuka. Nami kule kwenye matumbawe nilihisi dakika ileile ya maji kugeuka, kama kawaida yetu, nikagonga mara mbili, na maji hayohayo yakaigonga nondo. Ningekaa kidogo zaidi na kusikiliza, ningesikia mara mbili nyingine ambayo sikuiomba. Lakini kanuni inasema ukijibiwa unatoka. Mtu mwingine yeyote wa pwani ile angeinua kichwa na kumtafuta ndugu yake kwa macho. Mimi nilitosheka kwa kujibiwa.

Nilipanda, nikapumua, nikashuka mara ya mwisho. Nilishika nondo kwa mikono miwili nikaipindapinda mpaka ufa ukaiachia. Pango likanyamaza. Sikuwa nimejua kwamba kimya kinaweza kuwa na upande, lakini kile kilikuwa mbele yangu, mle penye giza, kimenielekea. Kutokana na mazoea tu, nikaigonga kwenye mwamba. Mara mbili.

Nilisubiri. Vikamba vilikaanga. Hakuna aliyejibu.

Kamba ikavutwa kiunoni mwangu, mara mbili, kwa nguvu ya mtu mwenye hofu. Nikavuta mara mbili. Nikatoka.

Wifi alikuwa ndani ya maji hadi mapajani. Nilipompa nondo hakuniuliza ni ya nani. Mshikio wake ulikuwa umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na juu ya mpira kitambaa chembamba cha kanga nyekundu, fundo lake limebaki. Fundo hilo alilifunga yeye. Tulitembea hadi mchangani tukakaa.

"Ndiyo hii iliyonijibu," nilimwambia. "Maji yakigeuka inagonga yenyewe. Siku ile ndiyo iliyonijibu."

Alikuwa akilipapasa lile fundo kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo ulipomgongea..."

"Alikuwa ameshakufa, wifi."

Miguu yake ilikuwa ikitiririka maji. Halafu akasema, taratibu, kama anayelijaribu neno kama litamchukua uzito:

"Kwa hiyo hakuniacha."

Ndipo akalia. Nami nililia, na nilishangaa jinsi kilio kile kilivyokuwa na nafuu ndani yake.

Alibaki mama, ambaye hajaambiwa. Wifi alitaka tumpeleke shehe kwanza Kikole, aseme yeye. Nilikataa. Jibu lile lilitoka kinywani mwangu likaingia sikioni mwa mama, na ni mimi niliyepaswa kulitoa. Tulipanda gari asubuhi, nondo nimeifunga kwenye kanga kuukuu, na njia nzima nilikuwa naihisi mapajani. Kila gari liliporuka shimo, niliishika isigonge kitu.

Tulimkuta shambani. Mahindi yalikuwa yamekomaa, ni wakati wa nyani. Amekaa kwenye kibanda, debe mbele yake, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja wawili, na saa hizi." Alitutazama mmoja mmoja. "Mmesikia nini?"

Nilifungua kanga. Nilimweleza yote, pango, wimbi kuingia, wimbi kutoka, vijishimo viwili kwenye mwamba. Sikuficha kitu na sikukipamba. Alisikiliza macho yakiwa kwenye mahindi, anayalinda huku mwanawe anazikwa mbele yake kwa maneno. Nilipofika mahali nilipogonga nisijibiwe, alinyanyua mkono ninyamaze.

"Nipe."

Aliishika nondo akaipima uzito. Ilimwacha na kutu viganjani. Kisha akaigonga kwenye debe, mara mbili, akainamisha kichwa kusikiliza.

Ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la jirani ambalo hatulioni kwa mahindi, debe likajibu. Mara mbili, haraka, kama jirani mwema anavyopaswa.

Mama alitazama upande ule.

"Huyu naye kajibu," alisema. "Wala hajui nimemuuliza nani."

Akaiweka nondo chini. Akamgeukia wifi, akamshika mkono uliokuwa karibu naye, akauweka magotini pake.

"Mwanangu, kaa eda yako. Hitima tutaisoma hapa kwangu. Ukimaliza, yule mtu wa ufuta mwambie aje, nitamjibu mwenyewe."

Wifi aliinama akalaza uso kwenye mapaja ya mama. Mama akampigapiga mgongoni, na hapo ndipo machozi yakamtoka, yale aliyoyakataa tangu mwaka ule, bila sauti, huku macho bado yanawatafuta nyani kwa mazoea.

Jirani wa ng'ambo akapiga tena, mara moja, kwa wasiwasi. Alikuwa amejibu na kusikia kimya, na kwetu ukisikia kimya unaacha shamba na kuja. Mama aliniangalia. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwa wifi. Basi niliokota ile nondo, nikagonga debe mara moja, ajue kwamba tupo.